Mtazamaji na Wenziwe: Maneno Yanayoandamana na Nomino za Watazamaji katika Kiingereza na Kiswahili, kwa Kuzingatia Meru na Embu

1. Utangulizi

Tarehe 1 Juni 2018 sherehe za Siku ya Madaraka, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikifanyiwa Nairobi, ziliadhimishwa katika Uwanja wa Kinoru mjini Meru. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Juni 2023, ziliadhimishwa mjini Embu katika Uwanja wa Moi. Tuseme kwamba mwalimu wa Kiswahili, katika shule ya upili iliyo karibu na mojawapo ya viwanja hivyo, aliwaagiza wanafunzi wake watunge insha juu ya siku hiyo. Mwanafunzi mwenye bidii, aliyeweka kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mezani, akaandika: "Sherehe zilichora umati wa uwezo, na wacheza ngoma walipoingia, umati ulienda mwitu."

Sentensi hiyo tumeitunga wenyewe, kama tulivyoitunga mingine ya aina yake katika makala haya. Lakini hapana mwalimu atakayeiona ngeni. Tukiipima kwa sarufi haina ila. Upatanisho umetimia, nyakati ni sawa, na hijai haina dosari. Hata hivyo si Kiswahili. Nyuma yake zimo semi tatu za Kiingereza: "to draw a crowd", "a capacity crowd" na "the crowd went wild". Kila neno limetafsiriwa peke yake, na kila neno limekuja bila wenziwe.

Je, mwalimu ataliita kosa hilo kosa gani? Akiliita la sarufi, atakuwa amemdanganya mwanafunzi, naye atarudi kukariri ngeli ambazo tayari anazijua. Akiliacha lipite, atakuwa ameidhinisha lugha isiyo na mwenyewe. Swali hili si dogo. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya. Na Katiba ya mwaka 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Katika Meru na Embu alama za somo hilo hutafutwa na watoto ambao aghalabu huzungumza Kimeru au Kiembu nyumbani, husikia Kiswahili sokoni, na husoma masomo mengine kwa Kiingereza. Yatupasa basi kujua wanakosea wapi na kwa nini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila nomino ya Kiswahili inayohusu watazamaji ina maneno yake ya kuandamana nayo, na kwamba maneno hayo aghalabu hutokana na asili ya nomino yenyewe au na picha ambayo Kiswahili huwa nayo juu ya watu waliokusanyika. Mwishoni tutapendekeza kipimo cha kuamua ni uandamani upi mgeni unaoweza kupokewa na upi wa kukataliwa.

2. Uandamani wa maneno

Mwanaisimu wa Kiingereza J. R. Firth, aliyefariki mwaka 1960, ndiye aliyewazoesha wanaisimu wa London kuona kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno ambayo limezoea kukaa nayo. Sisi tutaliita jambo hili uandamani. Si nahau, kwa sababu kila neno hubaki na maana yake. Wala si sarufi, kwa sababu sarufi haiwezi kueleza kwa nini twasema "kupiga makofi" wala hatusemi "kugonga makofi". Ni mazoea ya lugha. Na kama ilivyo kwa watu, usuhuba wa maneno hauna budi kujifunzwa kwa kuishi nao.

Wenye Kiingereza wamelishughulikia jambo hili kwa kamusi maalumu. Mwaka 1986 ilitoka kamusi ya Benson, Benson na Ilson, na mwaka 2002 ikatoka ile ya Oxford, ambazo kazi yake ni kuonyesha nomino huandamana na vitenzi na vivumishi vipi. Kwa upande wetu, kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 zimetufaa sana katika kueleza maana. Lakini wenzi wa neno hupatikana humo katika mifano, si katika utaratibu uliokusudiwa. Mwanafunzi akitafuta "watazamaji" hupata kwamba ni watu wanaotazama. Hilo alilijua kabla ya kufungua kamusi. Alilotaka kujua ni je, watazamaji hufanya nini, na hufanywa nini?

3. Nomino zenyewe

Kiingereza kimegawa uwanja huu kwa kufuata macho na masikio. "Spectator" hutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutazama, na "audience" hutokana na kile chenye maana ya kusikia. Ndiyo sababu watu wa mpira huitwa "spectators" au "crowd", wala hawaitwi "audience", ambalo ni neno la ukumbi, la tamthilia na la utangazaji.

Kiswahili nacho kinao mgawanyo huo katika "watazamaji" na "wasikilizaji", nomino zilizoundwa kwa vitenzi. Lakini juu yake kimeweka nomino nyingine ambazo hazijali macho wala masikio. "Hadhira" imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo, na ni ndugu ya "hudhuria", "mahudhurio" na "hadhara". Hadhira basi ni watu waliopo, wawe wanaona au wanasikia. "Umati" nao umetoka katika neno moja la Kiarabu pamoja na "umma", ila ndugu hawa wameachana njia. Twasema "mali ya umma" na "huduma kwa umma", kisha twasema "umati wa watu". Hakuna awezaye kuyabadilisha. Pana pia "halaiki", "mashabiki" na "washangiliaji". Shabiki si mtazamaji wa kawaida, kwani amechagua upande. Aweza kuwa shabiki bila kukanyaga uwanjani maisha yake yote.

Kwa hiyo watu wale wale waliokaa Kinoru wana majina tofauti kwa siku tofauti. Siku ya mechi ni watazamaji, na wenye timu yao ni mashabiki. Siku ya Madaraka, hotuba inapoanza, wamekuwa hadhira. Katika baraza la chifu hawatazami baraza, hulihudhuria. Anayeandika kwamba wananchi wa Embu "walitazama baraza" amewaondoa katika mkutano wao akawakalisha ukingoni kama wapita njia.

Hapa pana jambo la upatanisho linalowasumbua watahini. "Umati ulishangilia" na "hadhira ilishangilia" hufuata ngeli ya nomino; lakini masikioni twasikia pia "umati wa watu walishangilia", ambapo msemaji ameacha mkusanyiko akapatanisha na watu. Katika maandishi rasmi tungependelea la kwanza. La pili hata hivyo lisihesabiwe kuwa ujinga. Ni ushahidi kwamba msemaji anawaona watu ndani ya umati.

Jingine ni la hijai. Katika maandishi ya Kimeru na Kiembu herufi "th" husimamia sauti ambayo Kiswahili huiandika "dh". Mwanafunzi akiandika "hathira" hakukosa kusikia. Amesikia sawasawa, ila ameandika kwa desturi ya lugha ya mama. Mwalimu akimweleza hivyo mara moja, atakuwa amemwokolea muda mwingi.

4. Jinsi uwanja unavyojaa

Katika Kiingereza mchezo ndio mtenda, na watu ni watendwa: mchezo huvuta watu, huwaita, huwaleta. "To draw a crowd" ni usemi wa namna hiyo, na "draw" hapo ni kuvuta, si kuchora. Kiswahili kinaweza kusema "mchezo ulivutia watu wengi", na usemi huo ni sahihi. Lakini usemi uliotulia zaidi katika lugha huwafanya watu wawe watenda, tena kwa vitenzi vya maji: watu "walimiminika" uwanjani, watu "walifurika", umati "ulitiririka" kuelekea mjini. Pengine huwa ni wadudu, nao "wakajaa kama siafu". Hakuna aliyewavuta, wamekuja kama mto unavyokuja.

Namna ya pili ni kupafanya mahali pawe kiima. "Uwanja ulifurika watu." "Uwanjani palijaa watu." "Uwanja ulijaa pomoni." Hapa ndipo "capacity crowd" inapopata nyumba yake. Kiingereza kimeupa umati sifa iliyo ya uwanja, yaani nafasi yake. Kiswahili huiacha sifa hiyo kwa mwenyewe: kinachojaa pomoni ni uwanja, si watu. "Umati wa uwezo" hauna maana kwa sababu umati hauna nafasi ya kujazwa. Mwanafunzi akielezwa hivi huelewa kwamba hakukosea neno moja; alimpa sifa asiye na haki nayo.

Mwalimu wa Meru au Embu asiogope kuifundisha namna hii ya pili kwa msaada wa lugha ya nyumbani. Viambishi vya mahali ni mali ya Kibantu kwa jumla, na mtoto anayezungumza Kimeru au Kiembu ana urithi huo. Kiingereza ndicho kinachomsahaulisha.

5. Sauti za watazamaji

Kiingereza husema kwamba shangwe "erupted", yaani zililipuka kama volkano. Twaweza kuandika "shangwe zililipuka", na magazeti huandika. Lakini Kiswahili kina hazina yake, na hazina hiyo huja kwa jozi: "vifijo na nderemo", "hoihoi na vigelegele". Jozi hizi zina kitenzi chao, nacho ni "kuhanikiza". Vifijo na nderemo vilihanikiza uwanja mzima. Ngoma, kwa upande wake, "hurindima". Kila chombo cha sauti kina kitenzi chake, na tena kina watu wake: vigelegele hupigwa na wanawake, mbinja na miluzi hupigwa zaidi na vijana. Asiyeridhika "huzomea". Vitenzi hivi havibadilishani wenzi.

Na umati unapopandwa na furaha isiyozuilika? "Kwenda mwitu" hakufai, kwa sababu katika Kiswahili mwitu ni mahali pa miti na wanyama, na aendaye huko amekwenda kuwinda au kutafuta kuni. Wacheza ngoma wana neno lao zuri: "kupandwa na mdadi". Waandishi wa habari za muziki wana jingine, "kupagawa", lililotoka katika uganga wa pepo. Mwimbaji aliyefaulu "amewapagawisha mashabiki" au, kwa upole zaidi, "amekonga nyoyo zao". Watazamaji walioshangaa "hupigwa na bumbuazi". Walioshindwa "hushika tama".

Mchezaji anayetafuta sifa za watazamaji kuliko ushindi, Kiingereza humwambia kwamba "plays to the gallery". Kutafsiri kwamba anacheza kwa roshani ni kumpandisha darini bila sababu. Kiswahili husema anacheza kwa "mashauo", au anafanya "mbwembwe". Na wale wanaoona jambo baya likitendeka wasiseme neno, ambao Kiingereza huwaita "mere spectators", Kiswahili husema "walitumbua macho tu". Lawama yote imo katika kitenzi, na nomino haihitajiki.

6. Hadhira hufanya nini?

Kuna kitendo kimoja cha watazamaji ambacho Kiingereza hakina kitenzi chake kamili. Mchezaji ngoma akipendeza, watazamaji humwendea wakampa fedha au kitu, na kitendo hicho ni "kumtunza". Methali yasema: Mcheza kwao hutunzwa. Uandamani huu wa "watazamaji" na "kutunza" hautatokea kamwe katika insha ya mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza, kwa sababu hakuna neno litakalompeleka huko.

Hali hii yatukumbusha kwamba mtazamaji aliyekaa akanyamaza ni matokeo ya jukwaa na tikiti. Katika ngoma zetu za vijijini wimbo una kiongozi na waitikiaji, na waliosimama kandokando huitikia, hupiga makofi, na pengine huingia. Ngoma za Wachuka, zinazojulikana Kenya nzima, zilipoanza kupigwa katika sherehe za taifa mbele ya jukwaa la wageni, zilikuta hadhira ya aina nyingine. Vivyo hivyo ngoma za makabila mbalimbali zilizochezwa Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, zilichezwa mbele ya watu waliokaa vitini. Ngoma ni ile ile, lakini vitenzi vya watazamaji vimepungua. Kuitikia kumetoka, kumebaki kutazama na kupiga makofi.

Wataalamu wa fasihi simulizi wameliona jambo hili, na wameliundia istilahi: "hadhira tendi" na "hadhira tuli". Tunazitaja kwa sababu ni uandamani uliobuniwa darasani, kwa kufuata dhana zilizokuwa zikijadiliwa katika lugha za kigeni, na hata hivyo umesimama. "Tuli" ni mtoto wa "tulia". "Tendi" ni mtoto wa "tenda". Msikiaji hahitaji Kiingereza ili azielewe. Basi hoja yetu si kwamba kila jipya ni kosa.

Linganisha na "captive audience", yaani watu wasioweza kuondoka wakati wanaposemeshwa. "Hadhira iliyotekwa" itamfanya msomaji wa leo afikirie utekaji nyara. Na ugumu hapa hautokani na ugeni. "Kuteka" kuna nafasi yake: twasema msimulizi "aliteka nyoyo za hadhira", "aliteka fikra zao", na wako wanaosema kwa mkato kwamba "aliiteka hadhira". Kinachotekwa katika usemi huo ni moyo, na mtu mwenyewe yu huru. Kiingereza kinasema kinyume: mwili umefungwa, moyo huenda uko mbali. Kwa maana hiyo twaweza kusema waziwazi: "hadhira isiyo na pa kwenda".

7. Mfano wa "tega"

Tumefikia mfano unaotufaa zaidi, nao watoka Meru. Katika Kimeru shina "tega" lina maana ya kutazama. Mtu akitaka mwenziwe aangalie kitu humwambia "Tega!" Katika Kiswahili "tega" ni kuweka mtego, na pia ni kuweka tayari kiungo kipokee kitu, kama katika "tega sikio". Tena ni neno la hadhira yenyewe. Mtambaji akisema "Kitendawili!", wasikilizaji humjibu "Tega!" Mtoto wa Meru anayeingia darasani husikia hapo amri ya kutazama, na pengine hujiuliza atazame nini.

Sasa tuseme mtoto huyo aandike: "Watazamaji walitega macho uwanjani." Ni kosa? Kwa mazoea ya pwani, macho "hukazwa", "hukodolewa" au "hutupwa". Masikio ndiyo yanayotegwa. Mwalimu mkali atapiga mstari mwekundu. Lakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba mlango uko wazi. Ikiwa sikio hutegwa ili lipokee sauti, si ajabu jicho likitegwa ili lipokee sura. Mtoto ameleta kitu kutoka nyumbani, na Kiswahili kina mahali pa kukiweka. Hali ya "kuchora umati" si hiyo. Katika Kiswahili kuchora ni kuandika picha, na hakuna njia itokayo hapo kwenda kwenye kukusanya watu. Njia hiyo iko katika Kiingereza pekee.

Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza. Tusiulize kama uandamani umetoka nje. Tuulize: je, kitenzi hiki, kwa maana zake zilizomo katika Kiswahili, kina nafasi ya kuipokea nomino hii? Kwa kipimo hiki "hadhira tuli" imepita, na "shangwe zililipuka" imepita, kwani Kiswahili kimezoea kusema kilio na kicheko hulipuka. "Tega macho" yastahili kusikilizwa, na mwanafunzi aelezwe kwamba ni usemi wa kwao ambao msomaji wa mbali huenda asiuzoee. "Umati wa uwezo" na "kuchora umati" zimeshindwa.

8. Hitimisho

Yafuatayo yawafaa walimu na wahadhiri. Kwanza, nomino isifundishwe peke yake. Anayefundisha "watazamaji" afundishe papo hapo kufurika, kushangilia, kuzomea na kutunza. Anayefundisha "hadhira" afundishe mbele ya hadhira, hadharani na kuhudhuria. Pili, kosa la uandamani lipewe jina lake katika kusahihisha, litengwe na kosa la sarufi, na kando yake uandikwe usemi unaofaa. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba amekosa hajafundishwa kitu. Tatu, uandamani ukusanywe mahali unapoishi. Watangazaji wa mpira wa redio, tangu enzi za Sauti ya Kenya alipokuwa akitangaza Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, wamekuwa shule kubwa ya vitenzi vya uwanjani. Leo wasikilizaji wa Meru na Embu wanazo pia stesheni za lugha zao, kama Muuga FM na Wimwaro FM, na humo mna semi ambazo mkusanyaji akizisikia kwa makini atajua Kiswahili cha huko kinatoka wapi na kinaelekea wapi.

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya uamuzi uliofanywa Mombasa mwaka 1928. Msingi huo tunauheshimu. Lakini wanaokaa ndani ya nyumba hiyo sasa ni wengi kuliko waliochimba msingi, na baadhi yao wametoka chini ya Mlima Kenya. Mtoto wa Kinoru asilazimishwe kuchagua kati ya kusema kama mtu wa Unguja na kusema kama kamusi ya Kiingereza. Afundishwe wenzi wa kila neno, kisha aachiwe naye alete wa kwao, nasi tuwapime kwa haki.